Paji la Uso la Mzee Puok

Teresina hakuitafuta kazi ya picha. Kazi ya picha ilikuwa ya mumewe, Jacob, na Jacob alipofariki kamera yake ilibaki kwenye msumari nyuma ya mlango, ndani ya mfuko mweusi wenye zipu iliyokatika. Miezi mitatu Teresina aliipita kila asubuhi akitoka na jerikeni la maji, kama mtu anavyompita mgeni ambaye hajui aanze kumwambia nini.

Mimi ni jirani yake hapa mtaa wa Gudele, Juba. Tulikuwa wakimbizi pamoja Uganda, tukalima mihogo bega kwa bega, tukarudi Juba kwa lori moja, na Jumapili tunakaa benchi moja kanisani Kator. Kwa hiyo haya ninayoyaandika sikuyaokota barabarani. Mengi niliyaona kwa macho, na mengine alinisimulia mwenyewe tukichambua mboga ya kudra mlangoni kwake. Nikikosea mahali, kosa ni langu, si lake.

Alisoma mpaka darasa la sita, nami la tano. Mikono yake ni ya jembe. Siku ya kwanza nilipomwona na ile kamera, alikuwa ameishika kwa ncha za vidole kama sufuria ya moto, na alikuwa anaipeleka kuiuza.

Aliipeleka kwa Lubega, Mganda mwenye duka la kusafisha picha sokoni Konyo Konyo, ambaye alikuwa rafiki wa Jacob. Lubega akaitoa mfukoni, akaipuliza vumbi, akachungulia ndani ya lenzi, halafu akairudisha juu ya meza.

"Maama, mimi sinunui."

"Imeharibika?"

"Wapi! Jacob alikuwa anaifunika hii kuliko alivyojifunika yeye. Kaa kwenye benchi. Wewe iko na macho?"

"Ninayo."

"Iko na kidole?"

"Lubega, usinichezee, mimi ni mjane."

"Basi mjane iko na macho na kidole. Kazi ya picha haina kitu kingine."

Ndivyo alivyoanza. Kila Jumanne na Alhamisi alikwenda Konyo Konyo, akakaa kwenye ile benchi katikati ya wateja wa picha za pasipoti, na Lubega akamfundisha huku anakata picha kwa mkasi. Alimwonyesha gurudumu lililo juu ya kamera, lenye herufi na alama ya kijani.

"Ukiweka kwenye kijani, kamera inafikiri kwa niaba yako. Ni kama mume mlevi. Siku nyingine anafika nyumbani, siku nyingine analala mtaroni."

"Jacob hakuwa mlevi."

"Ndiyo maana hakuweka kwenye kijani."

Jioni Teresina alinieleza mimi, maana alisema kitu usichoweza kumweleza jirani hujakijua bado. Nami nilielewa, ingawa sijawahi kubonyeza. Alisema hivi. Kamera ni nyumba ya giza yenye mlango mmoja, na picha ni mwanga ulioingia. Kuna tundu la lenzi, huo ni upana wa mlango. Ila namba zake zimekaa kinyume: namba mbili ni mlango wazi kabisa, namba kumi na sita ni tundu la ufunguo. Hilo lilimsumbua wiki nzima, mpaka akakumbuka kwamba hata Bwana alisema wa mwisho watakuwa wa kwanza, akaacha kushindana nalo. Halafu kuna shata, ambayo ni muda ambao mlango unakaa wazi. Ukiwa mfupi sana, hata mtoto anayeruka kamba anasimama hewani. Ukiwa mrefu, mtu akigeuza kichwa anatoka na vichwa viwili. Na ya tatu ni aiso.

"Aiso ni sikio," alisema. "Mwanga ukiwa mdogo unalitega sikio zaidi ili usikie. Lakini ukilitega sana, mama Soro, unasikia na panya darini. Picha inajaa chengachenga kama unga wa mtama wetu wa dura."

Basi mtu wa kupiga picha kazi yake ni kupatanisha hao watatu. Ukimpa huyu, unamnyang'anya yule. Nilimwambia hiyo ni kama nyumba yenye wake watatu. Alicheka, na ilikuwa mara ya kwanza kumsikia akicheka tangu msiba.

Alianza na watoto wa komunio ya kwanza. Picha za kwanza zilimtoa machozi: nguo nyeupe zinang'aa, na nyuso za watoto hazionekani, nyeusi tu kama mashimo. Lubega akamwonyesha kitufe chenye alama ya kujumlisha na ya kutoa. "Kamera imeona nguo nyeupe, ikadhani jua limejaa, ikafunga mlango. Haijui watu wetu. Wewe ijulishe. Ongeza moja." Akaongeza moja, na nyuso za watoto zikarudi.

Baadaye wakaja maharusi. Hapo Lubega akamfungulia kitu kingine kilichojificha ndani kabisa ya kamera, cha kulainisha ngozi. Kina ngazi tatu: kidogo, wastani na sana. Bibi harusi wake wa kwanza, Scovia, alikuwa na chunusi uso mzima, masikini, na alikuwa amelia tangu alfajiri. Teresina akaweka "sana". Picha zilipotoka Scovia alizibusu. Tangu siku ile neno likaenea Gudele yote kwamba mama Teresina anakutoa kama yai. Naye hakukizima tena kile kitu. Aliniambia alikiona kama huruma. Watu wa Juba wameona mengi, sura zao zimechoka, na mtu akipata kuonekana amepumzika angalau kwenye karatasi, dhambi iko wapi?

Sasa nifike kwa Mzee Puok.

Mwaka jana, kabla ya Kwaresima, katekista wetu Isaac alikuja kwa Teresina na ombi. Kule Mangateen, kwenye mahema ya waliokimbia vita, kulikuwa na wazee waliopotezana na watoto wao tangu mwaka elfu mbili na kumi na tatu. Kulikuwa na watu wanaokusanya picha za wazee hao na kuzibandika ubaoni kwenye kambi za nje, Kenya na kwingine, ili mtoto akipita amtambue mzazi wake. Isaac alitaka mtu wa kuzipiga bila malipo.

"Wangapi?" Teresina akauliza.

"Ishirini na wawili."

"Nitakwenda. Mama Soro atanisindikiza."

Hakuniuliza, lakini nilikwenda.

Mzee Puok alikuwa wa kumi na saba. Mnuer mrefu, mwembamba, kifua kinamsumbua hata kusema sentensi moja kunamchosha, na kichwani kofia ya sufu imevutwa mpaka kwenye nyusi, katika joto lile. Binti yake, Nyaluak, alikuwa na miaka tisa walipotenganishwa siku risasi zilipoanza. Mke wake alikufa mwaka uliofuata. Hakuwa na mtu mwingine duniani, na daktari wa zahanati alikuwa amemwambia Isaac pembeni kwamba kile kifua hakitaona mvua mbili.

Teresina alimwomba avue kofia. Akaisogeza juu kidogo sana, kama vidole viwili. Ndani ya hema kulikuwa na giza, kwa hiyo Teresina akawasha flashi, akaongeza moja kama alivyozoea, akapiga, akamwonyesha kwenye kioo cha nyuma. Mzee akaitazama muda mrefu, akatabasamu.

"Ya binti," akamwita kwa Kiarabu cha Juba, "huyu ni mimi au ni waziri?"

Tukacheka wote, tukaenda kwa wa kumi na nane.

Jibu lilirudi baada ya wiki sita. Isaac alilileta mwenyewe, akakaa chini kabla ya kusema. Kwenye kambi ya Kakuma, Kenya, msichana mmoja jina lake Nyaluak alisimama ubaoni karibu saa nzima mbele ya ile picha. Akasema jina ni lenyewe, macho yanakaribia. Halafu akasema si yeye. Dada aliyesimamia ubao alipomwuliza kwa nini, akajibu, "Baba yangu ana paji la uso ambalo mimi nalijua. Huyu hana."

Isaac alikuwa ameomba wazungumze kwa simu. Msichana alikataa. Mwaka mmoja kabla, mwanamume fulani alimpigia akisema ni baba yake. Alijua jina la mama, alijua kijiji, na mwisho ikaonekana ni mwongo aliyeokota habari zake kwa watu. "Sauti nilishadanganywa nayo," alisema. "Mambo ya kusimuliwa pia. Nionyesheni paji la uso." Wakamwuliza lina nini hilo paji. Akasema hawezi kusema, kwa sababu akisema, kesho atakuja mwongo mwingine nalo.

Teresina aliinuka pale pale. Alichukua kamera, tukapanda basi dogo mpaka Konyo Konyo, akamwambia Lubega amfungulie picha ile kwenye kompyuta, kubwa kabisa.

Tuliitazama. Watu wa Mzee Puok wanaume wao wakibalehe huchanjwa mistari sita kwenye paji la uso, kutoka katikati mpaka masikioni. Kila mtu Juba anajua. Ndani ya hema nilikuwa nimeiona miwili ya chini kwa macho yangu. Kwenye picha, chini ya ukingo wa kofia, hapakuwa na kitu. Ngozi laini, inang'aa, kama ya bibi harusi.

"Flashi ya usoni imefuta vivuli," Lubega akasema taratibu. Siku hiyo hakutania. "Ile moja uliyoongeza ikamalizia. Na hiki cha kulainisha, maama, kimedhani makovu ni chunusi."

"Haiwezi kurudishwa?"

"Kamera imeshapiga pasi. Nguo haikumbuki mikunjo."

Teresina alikaa kwenye ile benchi yake ya zamani akafunika uso kwa kitambaa. Niliweka mkono mgongoni kwake. Alikuwa anasema jambo lile lile kwa sauti ndogo, "Nimemfuta mtu. Nimemfuta mtu, na mwanawe akampita."

Kesho yake alfajiri tulikuwa Mangateen. Isaac akatutangulia, akamweleza mzee yaliyotokea. Tulipoingia, Mzee Puok alikuwa ameketi kwenye kitanda chake cha kamba, kofia imevutwa chini kuliko siku ya kwanza.

"Ile picha ni nzuri," alisema. "Iache."

"Mzee, kosa ni langu," Teresina akasema. "Nilikupiga vibaya. Mtoto hakukujua."

"Alisema nini hasa?"

"Alisema paji la uso. Kwamba analijua."

Mzee aligeuza uso kwenye mlango. Nje watu walikuwa wanagombania foleni ya maji, mwanamke mmoja anamwita mwenzake mwizi wa jerikeni. Tulisikiliza ugomvi wa watu mpaka ukaisha.

"Isaac," mzee akasema, "funga mlango."

Isaac akateremsha turubai. Mzee Puok akavua kofia.

Mistari ilikuwa sita kama ya wenzake. Lakini ule wa tatu kutoka chini, upande wa kulia, ulikwenda vizuri mpaka juu ya jicho, halafu ukaruka juu kama ndoano, ukaukata wa nne, ukashuka tena. Hata mimi nisiyejua mila yao niliona kwamba hapo jambo lilikwenda vibaya.

"Nilikuwa na miaka kumi na minne," alisema, akipumzika kila baada ya maneno machache. "Unalala chini. Hutakiwi kutikisa hata kope. Wa kwanza nilinyamaza. Wa pili. Wa tatu kisu kilipofika hapa nikashtuka. Kidogo tu, kama ng'ombe anavyofukuza nzi." Akapitisha kidole hewani bila kuligusa paji. "Mtu akiniona anajua. Huyu alitikisika. Nimevaa kofia miaka hamsini. Wewe binti uliponipiga picha na mistari haipo, nilimshukuru Mungu. Nilisema, sasa nitatafutwa kama mwanaume."

Teresina alipiga magoti kwenye udongo ili macho yao yalingane. "Mzee, Nyaluak alikuwa anakuona bila kofia?"

"Alikuwa mtoto. Mtoto anakuvua kofia tu."

"Basi anayemtafuta ndiye huyu."

Mzee aliikunja kofia mkononi. Alikohoa, akakohoa, Isaac akampa maji. Nilisali moyoni, maana sikuwa na kingine cha kufanya. Mwisho akasema, "Nje sitoki. Watu hawatanitazama hivi. Na hiyo taa yako usiiwashe."

"Siwashi, mzee."

Sasa ndipo nilipoona yale maneno ya benchi ya Lubega yakifanya kazi. Teresina alimwomba Isaac ainue pembe moja ya turubai, upana wa mkono, upande wa kushoto wa mzee, ili mwanga wa asubuhi uingie ukiparuza paji badala ya kulipiga usoni. Pale pale mistari ikasimama, kila mmoja na kivuli chake, kama matuta ya shamba jua likiwa chini. Hema lenyewe lilikuwa la bluu na kila kitu ndani kilikuwa cha bluu, hata meno ya mzee. Kwa hiyo nikashika shuka yangu nyeupe, milaya niliyobeba ili nidarizi, upande usio na maua bado, na Teresina akaielekezea kamera ili ijue hapa nyeupe ni ipi. Halafu akaniweka upande wa kulia niishike wima, irudishe mwanga kidogo kwenye shavu la giza.

Akaingia ndani ya kamera akakizima kile cha kulainisha. Kitufe cha kuongeza akakirudisha sifuri. Kijisanduku cha kulenga, ambacho siku zote hukiweka kwenye jicho, akakipandisha kwenye paji.

Likabaki tatizo moja, na alinieleza kwa kunong'ona. Akifungua tundu lote, mwanga unatosha, lakini panapokuwa safi ni pembamba kama uzi: katikati ya paji panaonekana, masikioni panafifia, na mistari inakwenda mpaka masikioni. Akilifunga tundu, kote panakuwa safi, lakini giza. Akitega aiso, chengachenga zitakula makovu. Ilibaki shata peke yake. Mlango ukae wazi muda mrefu.

"Mzee," akasema, "nitaiweka kamera juu ya jerikeni isitikisike. Lakini na wewe usitikisike. Ni sehemu moja ya nane ya sekunde."

"Ni muda gani huo?"

"Kama kusema 'A' ya Amina."

Mzee Puok alimtazama. "Na nikitikisika?"

"Tutarudia."

"Tutarudia?"

"Mara mia ukitaka. Hiki si kisu, mzee. Hapa tunarudia."

Nilimwona akilishika neno hilo. Aliweka mikono juu ya magoti, akanyoosha shingo. Teresina akaweka kamera juu ya jerikeni, chini yake mfuko mdogo wa maharage, akaweka kamera ijihesabie sekunde mbili ili kidole chake kisiisukume. Ikalia, ti, ti, halafu ka-chak.

Mzee alikohoa katikati. Picha ikatoka na mapaji mawili. Teresina akaifuta.

Ya pili ilikuwa hivyo hivyo. Ya tatu hakukohoa, lakini alipumua, na mistari ikatoka kama imeandikwa kwenye maji.

"Unaona?" mzee akasema, na sauti ilikuwa imevunjika. "Ndivyo nilivyo. Tangu siku ile ndivyo nilivyo."

"Mzee, hata mimi mikono yangu inatetemeka," Teresina akasema, akamwonyesha, na kweli ilikuwa inatetemeka. "Tupumzike. Isaac, mpe maji."

Isaac alimimina maji. Mwanga ulikuwa unapanda, muda si mrefu ungepita juu ya turubai na vivuli vingekwisha. Mikono yangu iliuma kwa shuka, lakini sikuishusha. Mzee alikunywa, akafuta mdomo, akafumba macho, na midomo yake ikawa inasema kitu kwa lugha yake. Halafu akafumbua.

"Haya," akasema.

Ti, ti. Sikumwona akipumua. Sikumwona akipepesa macho. Nilimtazama kama mtu anavyotazama mshumaa kwenye upepo. Ka-chak.

Teresina aliinama juu ya kioo, akaikuza picha, akaipeleka polepole kutoka sikio hadi sikio. Kisha akamgeuzia mzee. Mistari sita ilikuwepo yote, na ndoano ya mstari wa tatu ilionekana wazi mpaka kwenye nukta pale kisu kilipotua tena.

Mzee Puok hakusema ni waziri. Alisema, "Ndiyo. Huyo." Akavaa kofia yake.

Mchana ule Lubega aliituma Kakuma, na alikataa kuituma kama picha za kawaida za simu. "Simu inazikamua kama chungwa," alisema. "Nitatuma kama faili, nzima nzima." Tukangoja siku tano. Teresina hakupiga picha yoyote siku hizo. Alifunga, na mimi nikafunga naye mpaka saa tisa, kwa sababu nina sukari.

Siku ya sita Isaac alikuja mbio na simu mkononi, tukasikiliza mlangoni, vidole vyetu vimejaa kudra. Ilikuwa sauti ya msichana, Kiswahili chake cha Kenya.

"Ni yeye. Mwambieni ni yeye. Hiyo laini ya tatu, hapo inapopanda juu, nilikuwa naipitisha kidole kila jioni. Nilikuwa namwambia hiyo ni barabara na hapo ndio kuna kilima. Hakuna mtu mwingine dunia hii ako na hicho kilima. Mwambieni nakuja. Asiende mahali."

Teresina alienda kumsikilizisha mzee mwenyewe. Mimi sikwenda, nilibaki kumshukuru Mungu, kwa hiyo siwezi kuandika alifanyaje. Nilimwuliza Teresina, akasema tu kwamba aliomba airudie mara saba.

Kuanzia hapo Teresina hakiwashi hovyo kile kitu cha kulainisha. Bibi harusi akija, humwuliza kwanza: una alama ambayo watu wako wanakujua nayo? Wengine wanacheka. Juzi Cissy, muuza nguo wa hapa kwetu, alikasirika. "Mama Teresina, mimi nataka kutoka kama yai!" Lakini baadaye alirudi, akasema kidoti chini ya jicho kiache, ni cha mama yake.

Nyaluak aliingia Juba siku ya Alhamisi, amesafiri siku nne, miguu imevimba. Msichana mrefu kama baba yake. Isaac alitupitia, tukampeleka Mangateen sisi watatu. Mzee alikuwa hawezi tena kuketi. Alibakiza siku kumi na moja za kuishi, ingawa siku ile hatukujua hesabu. Alikuwa amelalia mto, kofia imevutwa mpaka kwenye nyusi.

Msichana hakusalimia. Alipiga magoti kando ya kitanda, akamvua kofia kwa mikono miwili, taratibu, kama mtu anayefunua chakula cha mgeni. Akaweka kidole kwenye sikio la kushoto la baba yake, akaanza kukitembeza kwenye mstari wa tatu. Alipofika juu ya jicho la kulia akasimama. Halafu akapanda kilima.

Mzee Puok hakutikisika.

"Piga, mama Teresina," Isaac akanong'ona, anafuta macho. "Piga sasa, haitarudi hii!"

Teresina alikuwa na kamera begani, betri imejaa, pembe ya turubai imeinuliwa. Hakufungua mfuko. Njiani tukirudi Isaac alimlaumu, akamwuliza ilikuwaje akaiacha picha kama ile. Akamjibu kwa upole wake kwamba mwanga haukutosha.

Mimi niliyeshika shuka siku ya picha sikumpinga. Mwanga ulikuwa ule ule.